Nani Mwenye Sifa ya Kahawa Nzuri?

Mtu wa Ulaya akinywa kahawa yetu akaipenda, sifa ile humwendea nani? Aghalabu huiendea nchi: husemwa kwamba hii ni kahawa ya Tanzania, au ya Rwanda, au ya Burundi, iliyoota juu ya mlima fulani, katika udongo wa namna fulani. Pengine sifa hupewa chama cha ushirika kilichoikusanya, au kiwanda kilichoiosha, au mtaalamu aliyeionja kwa kijiko chake na kuipa alama. Mkono ulioichuma hautajwi. Huenda msomaji akaona ni jambo dogo. Kwani nani amtajaye mfua chuma wakati wa kulisifu jembe? Lakini twapenda kuonyesha leo kwamba si dogo, na kwamba ndani yake limefichika swali kubwa, ambalo nchi zetu za Afrika ya Mashariki zimelipita kando tangu zilipoanza kuzungumza juu ya soko la pamoja: yatupasa nini kwa mgeni atufanyiaye kazi ile ambayo jina letu jema laitegemea?

Tuanze na kazi yenyewe, maana wengi wanywao kahawa hawaijui. Matunda ya mbuni hayaivi pamoja. Katika tawi moja, siku moja, waweza kuona tunda jekundu, na jirani yake la njano, na la tatu lingali bichi kabisa, na la nne limekwisha kukauka. Mchumaji mwangalifu hutwaa lile jekundu peke yake, huyaacha mengine, kisha hurudi baada ya siku kadhaa, tena na tena, mpaka msimu umalizike. Mchumaji asiyejali hushika tawi kwa juu akavuta mkono mpaka chini, na yote yaliyomo, mabivu kwa mabichi, pamoja na majani na vikonyo, yakaanguka kikapuni. Huyu wa pili hujaza debe lake mapema, wakati mwenzake angali nusu. Na kama ujira ni wa debe, yeye ndiye atakayelipwa zaidi jioni.

Kosa hilo halina dawa ya kutosha baadaye. Ni kweli kwamba matunda yakitiwa majini, yaliyo mepesi huelea yakaondolewa. Ni kweli pia kwamba akina mama huketi penye vichanja kuchambua buni kwa mikono, siku baada ya siku, nao wafanya kazi kubwa. Lakini hakuna mashine iwezayo kuivisha tunda lililochumwa bichi, wala mtaalamu awezaye kuurudisha utamu uliokwisha kuchacha. Kahawa ya arabika yahitaji kilo tano au sita za matunda ili ipatikane kilo moja ya buni safi, na matunda yaliyochumwa leo yapasa kumenywa leo hii. Huko Rwanda na Burundi iko kasoro moja maarufu, iitwayo ladha ya kiazi, ambayo yahusianishwa na mdudu atoboaye matunda. Buni moja tu yenye kasoro hiyo yatosha kuharibu kikombe kizima, wala si rahisi kuitambua kwa macho. Mchumaji aonaye tunda lililotobolewa akalitupa ameokoa kikombe cha mtu asiyemjua. Asipolitupa, hakuna atakayejua ni nani aliyeliacha.

Basi ubora wa kahawa, tofauti na ubora wa vitu vingi, haulindwi na mnyapara. Shamba lina matawi maelfu, na mnyapara ana macho mawili. Mwenye shamba aweza kuamuru watu wafike asubuhi, aweza kuhesabu madebe, aweza kukataa debe lenye matunda mabichi mengi juu juu; lakini uangalifu wenyewe, ule wa vidole vinavyochagua tunda moja na kuliacha lililo jirani, hauamriwi. Hutolewa na mtu kwa hiari yake. Ndugu zetu wa Rwanda walitambua jambo hili mapema. Mwaka 2000 viwanda vyao vya kuosha kahawa vilikuwa vichache mno. Leo vyapita mia mbili, navyo hukataa mlangoni matunda yasiyoiva. Mwaka 2008 nchi ile ikawa ya kwanza katika Afrika kufanya shindano la Cup of Excellence, ambalo kahawa zinazoshinda huuzwa kwa mnada kwa bei iliyo mbali sana na bei ya kawaida ya dunia. Ile ziada ya bei, tukiichunguza, ni malipo ya nini? Udongo ulikuwapo tangu zamani, na mvua pia. Kilichoongezeka ni maji safi, vichanja, na uangalifu wa watu.

Na watu hao ni nani? Katika mashamba mengi ya kwetu mkulima huchuma mwenyewe pamoja na jamaa yake. Lakini hali yabadilika. Vijana wa vijijini wamekwenda mjini au wamepanda pikipiki, na wazee hawawezi kulizunguka shamba mara tano katika msimu mmoja. Kwa hiyo katika Mkoa wa Kagera, hasa katika wilaya zilizo karibu na mpaka, na vilevile Kigoma, kazi nyingi za shamba hufanywa na vibarua watokao ng'ambo, hasa Burundi, ambako ardhi ni finyu na watu ni wengi. Jambo hili si geni. Tangu miaka ya 1920 Wanyarwanda na Warundi walikwenda Buganda kwa maelfu, wengi wao kwa miguu, kulima pamba na kahawa za watu wengine. Na mwaka 1954 Bibi Audrey Richards alitoa kitabu kizima juu ya safari zile. Wengi wa watu wale walikaa, wakaoa, wakazaa, na wajukuu wao leo huitwa Waganda.

Tena twakumbuka kwamba kabla kahawa haijawa bidhaa ya kuuzwa, ilikuwa alama ya undugu. Katika nchi za kandokando ya Ziwa Viktoria watu waliotaka kuwa ndugu wa kuchanjiana walipasua tunda moja la kahawa, na kila mmoja akala buni iliyotiwa damu ya mwenzake. Tunda lile huwa na buni mbili zilizolala pamoja chini ya ganda moja, na wazee wetu waliona ndani yake mfano wa watu wawili ambao hawakuzaliwa na mama mmoja. Hatusemi turudie desturi ile. Twataja tu kwamba mgeni na kahawa wamekuwa pamoja katika nchi hizi kwa muda mrefu kuliko mipaka yenyewe.

Sasa tutazame sheria zilivyo. Mkataba wa Jumuiya ya Afrika ya Mashariki iliyofufuliwa ulitiwa sahihi mwaka 1999, baada ya ile ya kwanza ya mwaka 1967 kuvunjika mwaka 1977. Umoja wa forodha ulianza mwaka 2005, Rwanda na Burundi zikaingia katika Jumuiya mwaka 2007, na itifaki ya soko la pamoja ikaanza kutumika tarehe 1 Julai, 2010. Itifaki hiyo yasema wazi kwamba wafanyakazi wa nchi wanachama watakuwa na uhuru wa kwenda kufanya kazi katika nchi nyingine. Maneno hayo ni mazuri. Lakini kila nchi iliambatisha orodha ya kazi ilizokubali kuzifungua na tarehe za kuzifungua, na milango iliyofunguliwa kwanza ilikuwa hasa ya wenye vyeti: walimu, waganga, wahandisi, wahasibu na mafundi wenye hati. Mwaka 2014 Kenya, Uganda na Rwanda zilipiga hatua zaidi zilipowaruhusu raia wao kuvuka kwa kitambulisho tu. Hata hivyo, kuvuka ni jambo moja na kuruhusiwa kufanya kazi ni jambo jingine. Tanzania ina sheria yake ya mwaka 2015 juu ya ajira ya wageni, na ada ya kibali cha kazi huhesabiwa kwa mamia ya dola. Mhandisi hulipiwa ada hiyo na kampuni yake. Mchumaji wa kahawa hawezi kuipata hata akichuma msimu mzima.

Hatuwalaumu walioandika orodha zile. Waliogopa, na hofu yao ilikuwa na sababu, kama tutakavyoona. Lakini matokeo yake ni haya: bidhaa yapita mpakani bila ushuru, mwenye cheti apita kwa kibali, na yule ambaye ubora wa bidhaa watoka vidoleni mwake hana mlango wa kupitia. Naye apita hivyo hivyo, usiku.

Tumfikirie mtu mmoja wa namna hiyo. Ametoka upande wa pili katika mwezi wa Mei, kwa njia ya porini, maana ile ya barabara yadai karatasi asizonazo. Amefika kijiji asichokijua, akapewa kibanda, debe na kikapu. Wamepatana kwamba atalipwa mwisho wa msimu, kwa kuwa mwenye shamba naye hana fedha mpaka auze. Anachuma miezi miwili, mitatu. Siku ya malipo ikikaribia, mwenye shamba, akiwa na moyo mbaya, ana njia iliyo rahisi kuliko kulipa: hupeleka habari kwa wakubwa kwamba yuko mhamiaji haramu. Mtu yule atakamatwa, au atakimbia, na deni litakuwa limefutika. Wakaao karibu na mpaka wanazijua habari za namna hii. Hatusemi kwamba kila mwenye shamba hufanya hivyo. Wako wengi walio watu wa haki, walao sufuria moja na vibarua wao. Twasema kwamba sheria ilivyo yamwachia kila mmoja nafasi ya kufanya hivyo, na kibarua anajua hivyo tangu siku ya kwanza atiapo mkono tawini.

Je, mtu huyu atachumaje? Hana hakika ya mwaka ujao, kwa hiyo mti hauna kesho machoni pake. Hana hakika ya mwezi ujao, kwa hiyo ataomba alipwe kila siku kwa debe, na kwa debe atajaza upesi. Sisi twamwambia mambo mawili kwa pamoja. Kwa sauti ya sheria twamwambia: Wewe hupo hapa. Kwa sauti ya soko twamwambia: Uwe mwaminifu, chagua mabivu tu, tupa yaliyotobolewa, usivunje tawi. Mtu asiyekuwapo atawezaje kuwa mwaminifu? Uaminifu ni neno la watu wawili wanaotambuana. Hauwezi kudaiwa na mmoja ambaye amekataa kumtambua mwenzake.

Hapa msomaji mmoja atatujibu kwamba mtu mwema hufanya kazi vema hata akidhulumiwa, na kwamba wako vibarua maskini kabisa wachumao kwa uangalifu kwa sababu ndivyo walivyolelewa na wazazi wao. Jibu hili ni la kweli, nasi tumewaona watu hao. Lakini lathibitisha nini? Kwamba wema wa mtu yule ni wake mwenyewe, hatukumpa sisi. Kama ni wake, basi tukiuuza Ulaya ndani ya gunia la kahawa na kupokea ziada ya bei, tumeuza kitu cha mtu mwingine. Hatuna ruhusa ya kuifanya fadhila ya maskini kuwa mtaji wetu usio na riba.

Wachumi nao wana maneno yao, ambayo ni ya haki kwa sehemu kubwa, ila hatutayakalia sana. Wao husema kwamba masoko ya kazi ya nchi jirani yakiunganishwa, mikono huenda inakohitajiwa, kila mtu hupata kazi inayomfaa zaidi, na ujuzi husafiri pamoja na watu. Kwa hiyo ubora wa bidhaa zitokazo nje hupanda. Mrundi aliyekulia katika kahawa ya Ngozi au Kayanza aweza kuleta Karagwe ujuzi wa kuosha na kukausha. Mwonjaji wa Uganda aweza kufundisha vijana wa Bukoba. Haya yote yawezekana. Lakini kuunganisha si neno la namna moja tu, na historia yetu wenyewe yatuonya.

Tulikwisha kuwa na soko la kazi lililounganishwa. Mkonge uliletwa Tanganyika mwaka 1893 na Dakta Richard Hindorf, na katika karne iliyofuata nchi hii ikawa ya kwanza duniani kwa kuuza nyuzi zake. Mwaka 1964 ilitoa karibu tani 230,000. Mikono ya kazi ile ilitoka mbali: Songea na Kigoma, Ruanda-Urundi, na Msumbiji. Tangu mwaka 1944 ilikuwapo ofisi maalumu ya wenye mashamba, iliyoitwa SILABU, ambayo kazi yake ilikuwa kukusanya watu, kuwapima, kuwasafirisha na kuwagawa mashambani. Ofisi hiyo ilivuka mipaka kwa ustadi ambao serikali zetu za leo zingeuonea wivu. Na watu wale waliitwa nani? Waliitwa manamba, maana kila mmoja alijulikana kwa namba yake.

Yapasa tuwe wakweli hapa, hata kama ukweli huu waudhoofisha upande wetu. Nyuzi za mkonge wa manamba zilikuwa nzuri. Zilipangwa kwa madaraja kwa urefu, rangi na usafi, na daraja la kwanza la Tanga lilijulikana katika bandari za dunia. Kwa hiyo si kweli kwamba dhuluma siku zote huzaa bidhaa mbaya. Katika mkonge kazi ya ubora ilifanyika hasa katika korona, yaani kiwanda cha kuparua majani, na katika kupiga brashi na kupanga. Nako huko msimamizi aliweza kusimama akaona kila kitu. Kahawa haionekani hivyo. Lakini kesho ikivumbuliwa mashine iwezayo kuchagua tunda jekundu na kuliacha bichi, je, tutasema kwamba mchumaji hana tena dai juu yetu? Twasema hapana. Anayetetea haki kwa kuwa yaleta faida hana budi kuiacha siku faida itakapogeuka. Sisi tumeeleza habari za ladha na bei kwa sababu ni za kweli, na kwa sababu wako watu wasiosikia lugha nyingine. Lakini mchumaji alipwe kwa kuwa amechuma.

Jambo moja jingine la mkonge lafaa kukumbukwa, maana lagusa ardhi. Mmea ule hukatwa majani ya chini, na ya juu huachwa ili uendelee kukua. Mkataji aliyelipwa kwa matita, naye hajui kama mwakani atakuwa hapo au kwao, alikuwa na kila sababu ya kukata zaidi ya kiasi, na mmea uliokatwa mno hudhoofika. Ndivyo ilivyo kwa mbuni. Mkono uvutao tawi huondoa pamoja na matunda yale macho ya tawi ambayo yangetoa maua mwaka ujao. Na kazi nyingine za kahawa, zile zihifadhizo shamba, huzaa matunda yake baada ya miaka: kupogoa, kukata visiki ili mti mzee uchipuke upya, kutandaza majani, kung'oa na kuchoma mti ulioshikwa na mnyauko. Ugonjwa huo wa mnyauko uliharibu robusta nyingi za Uganda katika miaka ya 1990, ukavuka hadi Kagera, na walioweza kuuona mapema ni wale waliopita kati ya miti kila mara. Huwezi kumpa kazi ya miaka mitano mtu ambaye wamficha kwa miezi mitatu.

Wala si kibarua peke yake aliyekatwa na kesho yake. Mkulima wetu naye, akibanwa na karo au ugonjwa, huuza kahawa ingali maua mtini, kwa bei ya chini sana, katika biashara ile iitwayo butura. Aliyenunua butura hana haja na mti. Haja yake ni matunda yatoke upesi. Huleta vibarua wake, nao huvuta matawi. Hivyo maskini wawili hukutana katika shamba moja, mmoja ameuza mwaka wake na mwingine hana mwaka wa kuuza, na mti hulipa kwa wote wawili. Twashangaa kusikia viongozi wakilalamika kwamba kahawa ya magendo yavuka kwenda Uganda kufuata bei nzuri, kana kwamba mguu wa mtu na gunia la kahawa havifuati sheria moja. Kila kimoja huenda kinakothaminiwa.

Sasa tuje kwenye hofu tulizozitaja, maana si za kupuuzwa. Ya kwanza ni ya kibarua mwenyeji. Yeye husema kwamba mgeni hushusha ujira, na mara nyingi asema kweli. Lakini kinachoushusha si ugeni wa mtu. Ni giza alimowekwa. Mgeni asiyeweza kushtaki hukubali nusu ya ujira, na mwenye shamba akiisha kupata mtu wa nusu ujira, hatamwita tena mwenyeji wa ujira mzima. Mpe mgeni karatasi na haki ya kudai, naye hatakuwa rahisi kuliko mwenyeji. Papa Yohane Paulo wa Pili, katika barua yake Laborem Exercens ya mwaka 1981, aligusa jambo hili hasa alipofundisha kwamba anayefanya kazi ugenini, hata wa msimu tu, asiwekwe chini ya wenyeji katika haki za kazi. Mafundisho hayo, tukiyatafakari, yamlinda mwenyeji sawasawa na mgeni.

Hofu ya pili ni ya usalama. Mwaka 2013, baada ya ujambazi wa silaha kuzidi katika barabara na vijiji vya Kagera, Kigoma na Geita, serikali iliendesha Operesheni Kimbunga, na maelfu ya watu waliondolewa nchini. Wananchi waliotekwa njiani walikuwa na haki ya kulindwa, na dola yoyote ina haki ya kujua ni nani aliye ndani ya mipaka yake. Hatubishani na hilo hata kidogo. Twauliza tu kama njia hiyo yatimiza haja hiyo. Mtu aliyeandikishwa mpakani, jina lake na la mwajiri wake vikajulikana, ndiye ambaye dola yamjua. Tukimfungia mlango mchumaji tumemtuma apite njia ile ile apitayo jambazi, kisha twamlaumu kwa kuonekana huko.

Hofu ya tatu ni ya upande wa pili, nayo husahauliwa kabisa katika mikutano yetu. Kijiji cha Burundi kikipoteza vijana wake kwa miezi mitatu kila mwaka, nani atakayechuma kahawa ya kule? Msimu wao na wa kwetu wakutana kwa sehemu. Wake na wazee hubaki na mashamba, na mara nyingine mume harudi. Songea na Kigoma zilitoa manamba kwa miaka mingi, wala hatujaona kwamba mkonge uliziacha tajiri. Hapa hatuna jibu jepesi. Ila twaona kwamba mtu arudiye na ujira kamili mkononi hurudi upesi, aweza kununua mche, mbuzi au bati. Na mtu aliyedhulumiwa huona haya kurudi mikono mitupu, akasogea mbele zaidi. Njia ya halali ni njia ya kurudi pia.

Ni nini basi kinachoweza kufanyika? Si mambo makubwa. Nchi hizi zaweza kukubaliana juu ya kibali cha msimu, cha bei ambayo mchumaji aweza kuilipa kwa ujira wa siku mbili tatu, kitolewacho papo hapo mpakani, chenye jina lake na wilaya aendayo. Vyama vya msingi vyaweza kuwalipa wachumaji kwa ubora wa debe badala ya ujazo wake tu, kama viwanda vya Rwanda vifanyavyo kwa mkulima mlangoni. Mahakama na maofisa wa kazi waweza kuushika msingi uliowekwa na Mkataba Na. 143 wa Shirika la Kazi la Kimataifa wa mwaka 1975, ambao Kenya na Uganda zimeuridhia: kwamba hata mtu aliyeingia bila kibali hapotezi haki ya ujira wa kazi aliyokwisha kuifanya. Kumrudisha mtu kwao ni haki ya serikali. Kumrudisha kabla hajalipwa ni kumsaidia mdeni wake.

Wakati huo huo wanunuzi wa Ulaya wanatuletea masharti mapya. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2023, ambayo kuanza kwake kumeahirishwa zaidi ya mara moja, yataka kila gunia la kahawa lionyeshe ni shamba gani lilikotoka, kwa alama za ramani, ili ithibitike kwamba msitu haukukatwa hapo baada ya tarehe 31 Desemba, 2020. Sheria hiyo yataja pia kwamba kazi ifanyike kwa kufuata sheria za nchi, pamoja na haki za wafanyakazi. Vyama vyetu vimeanza kupita mashambani na simu, kona kwa kona, kupima mipaka ya kila kipande. Ni kazi njema, na wazee wamewapokea vijana wale kwa hiari, wakawaonyesha hata mti uliopandwa na babu.

Kwa jinsi mambo yaendavyo, kila shamba litakuwa na alama yake katika ofisi za Hamburg na Antwerp kabla mchumaji hajawa na jina katika daftari la shamba lenyewe. Kijana apimaye mpaka hupita karibu naye, yeye akiwa juu ya ngazi na kikapu kiunoni, na katika fomu aliyopewa ofisini hakuna nafasi ya kumwandika.